Hifadhini pia hoja zilizokataliwa
Mnapofupisha kwa pamoja mjadala wa kiufundi, msiandike uamuzi peke yake. Elezeni pia mapendekezo yaliyokataliwa na sababu za kuyakataa, kwani hayo ndiyo atakayoyauliza upya mtu ambaye hakuwapo. Watengenezaji wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wana nyaraka za mapendekezo tangu mwaka 2000, na mwongozo wa nyaraka hizo unatenga sehemu ya mawazo yaliyokataliwa. Mmoja aandike rasimu, kisha yule ambaye hoja yake haikukubaliwa aisome kabla ya wengine na kuthibitisha kwamba ameelezwa kama alivyokusudia. Kwangu, hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote. Wekeni tarehe na namba ya toleo la programu lililojadiliwa, maana hoja kuhusu kasi ya toleo 3.2 huenda isisimame katika toleo 4.0.