Namna ya Kuwaeleza Wageni wa Ngome ya Yesu Habari za Makamanda wa Maghulamu

Anza na neno lenyewe, kwa kuwa Mswahili akisikia "ghulamu" humwazia kijana wa kiume tu, ilhali katika Uajemi (Irani ya leo) wa nasaba ya Wasafawi lilimaanisha mtumwa wa Shah, yaani mfalme, aghalabu Mjojia, Muarmenia au Mcherkesi aliyesilimishwa, akafunzwa silaha na kulipwa kutoka hazina ya mfalme. Kisha taja sababu: Shah Abbas wa Kwanza, aliyetawala tangu 1588 hadi 1629, alikipanua kikosi hicho ili kupunguza nguvu za Wakizilbashi, makabila ya wapiganaji wa Kituruki yaliyokuwa nguzo ya jeshi la Wasafawi. Kamanda wake aliitwa kullaraghasi. Kitamke cheo hicho mara moja, usimchoshe mgeni nacho.

Baada ya hapo tua kwa Allahverdi Khan, Mjojia aliyepanda hadi kuwa kamanda wa maghulamu na gavana wa Fars, jimbo la kusini mwa Uajemi, ambaye daraja lake la matao 33 lingali limesimama Isfahan. Alifariki mwaka 1613, na mwanawe Imam Quli Khan akaushika ugavana. Habari za mwana zisimulie mkiwa mbele ya kuta za Wareno, kwani majeshi yake ndiyo yaliyowanyang'anya Wareno haohao kisiwa cha Hormuz, mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, mwaka 1622, yakisaidiwa na merikebu za Waingereza. (Hapa hata waliokuwa wakisinzia kwa joto la Mji wa Kale huamka.)

Usifiche mwisho wake: mwaka 1632 aliuawa kwa amri ya Shah Safi, mjukuu na mrithi wa Shah Abbas. Ukiulizwa mtumwa alitawalaje jimbo, jibu kwamba utumwa huo ulimfunga mtu kwa Shah bila kumnyima cheo, wala usiufananishe na ule wa mashamba ya pwani yetu.