Kabla hamjagawana vitanda hosteli, kubalianeni kuhusu mlango

Wadogo zangu mnaoanza chuo, nilikuwa mwakilishi wa ghorofa katika hosteli moja ya wasichana Dar es Salaam. Aliyeibiwa alikuja kugonga kwangu kabla ya kwenda kwa wadeni (msimamizi wa hosteli), na habari ilikuwa karibu ile ile: hakuna kilichovunjwa. Mtu kaenda kuoga, laptopu inachaji mezani, mlango umerudishiwa tu.

Kwa hiyo siku ya kwanza kubalianeni: anayetoka wa mwisho anafunga, hata kama anakwenda kuchota maji. Kila mtu awe na ufunguo wake. Ule mtindo wa kuuficha juu ya fremu ya mlango uacheni kabisa, ghorofa nzima inaujua. Mkimbeba mwenzenu aliyekosa chumba, yaani mkimkaribisha alale kwenu, naye mpeni ufunguo. Asipokuwa nao ataacha mlango wazi, na kitu kikipotea yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole, hata kama hana hatia. Nimeona urafiki ukifa hivyo, na iliniuma.

Kitasa cha chumba kimepita mikono mingi kabla yenu. Ombeni ruhusa kwa wadeni muongeze komeo na kufuli. Hapa angalieni skrubu: zikionekana kwa nje mlango ukiwa umefungwa, hata kufuli la bei kubwa halisaidii, maana mwizi ataling'oa komeo lote kwa bisibisi. Chagueni komeo ambalo likilala linafunika skrubu zake, au mwambieni fundi apitishe bolti mpaka upande wa pili, nati zikae ndani. Kabati nalo likague hivyo hivyo.

Kama una tranka la bati, lifunge kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda cha chuma. Laptopu usiiache karibu na dirisha. Fimbo yenye ndoano inapita kwenye nondo vizuri tu. Nguo zianue kabla ya kwenda kipindi.

Simu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, linaingia humo. Bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15 kwenye daftari linalobaki nyumbani, pamoja na risiti. Kisha weka PIN kwenye laini yenyewe, kupitia mipangilio ya simu. Kufunga skrini peke yake hakutoshi: mwizi anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, anaanza kupokea meseji zako za siri za benki. PIN ya kuanzia waulize huduma kwa wateja, usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga mpaka upate PUK, namba ya kuifungulia.

Ikiibiwa, usianze kuzunguka vyumbani ukiuliza. Azima simu, piga mtandao wako wafunge laini na akaunti ya pesa, halafu piga benki. Ndipo uende polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, ukiwa na ile IMEI, na umwandikie wadeni siku hiyo hiyo.

Na mkikutana na mtu msiyemjua koridoni, msalimieni, mwulizeni anamtafuta nani, chumba namba ngapi. Akitaja, msindikizeni mpaka mlangoni kwa mwenyeji wake. Akibabaika, mwiteni mlinzi, msimpige.