Kabla Hujamlipa Fundi wa Tovuti: Kwa Wakala wa Nyumba wa Mombasa

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa na mlango wa kifalme. Ukiifungua unapokelewa na video ya Daraja la Nyali jua likichwa, taarabu chinichini, kisha jina la ofisi linatokea herufi moja moja. Nililipa pesa nyingi na nikalipa nikicheka. Miezi mitatu baadaye tukakaa na fundi kutazama takwimu: wageni walikuwa wakija, ila wengi waliondoka kabla video haijaisha. Nikadhani mashine imekosea. Wiki hiyo nikavuka feri ya Likoni, nikaifungua kwenye simu yangu kwa bando langu mwenyewe. Kiduara kikazunguka. Tulishuka ng'ambo bado kinazunguka.

Nimejengewa nyingine tangu hapo, na nimewasaidia wenzangu wawili kujenga zao. Ninayoyaandika hapa ni ya kuandaa kabla hujatoa shilingi, maana kazi kubwa ya kumfanya mgeni akae tovutini si ya fundi. Ni yako, kwa miguu, na daftari mkononi.

Hilo daftari liweke kando ya simu wiki mbili tatu kabla. Kila anayepiga kuulizia nyumba, andika swali lake la kwanza. Langu lilijaa neno moja: maji. "Bwana, hapo kuna maji?" Ukijibu yapo, anataka kujua kama ni ya mfereji au ya kisima, na mwenyeji hasa ataongeza kama hicho kisima ni cha maji matamu au ya chumvi. Ana haki. Maji ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Tiwi. Kati ya huko na bomba la jikoni mengi hutokea. Kwa hiyo ukiandika "maji yapo saa zote" hakuna atakayekuamini. Andika kwamba mfereji hutoka Jumanne na Ijumaa, tangi ni la lita 10,000 kwa nyumba 12, kisima ni cha chumvi na ni cha kuogea na chooni, ya kunywa yananunuliwa kwa mitungi. Mgeni akikuta maelezo kama hayo ataendelea kusoma hata kama hayamfurahishi, kwa sababu amempata mtu anayemwambia la kweli. Na hayo hayapatikani kwa mwenye nyumba, ambaye kwake maji hayajawahi kukatika. Muulize bawabu, au mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa.

Baada ya maji ni upepo. Mawakala wengi hawauandiki, sijui kwa nini, na watu wa pwani ndio wanaoulizia. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kutoka kusini-mashariki. Kaskazi huja Disemba hadi Machi, wakati wa joto kali. Nenda na dira ya simu, uandike madirisha ya vyumba vya kulala yanaelekea wapi. Chumba cha upande wa magharibi kitapigwa na jua la alasiri na kitabaki na joto mpaka usiku wa manane. Mtu aliyekulia Tudor analijua hilo bila kuambiwa, lakini anayehamia kutoka Nairobi hajui, na akilikuta limeandikwa atasoma kila kitu ulichoandika. Nyumba iliyo karibu na ufuo ina upepo wa kutosha, na ina kutu pia. Ikiwa grili zimebadilishwa mwaka jana, sema.

Mahali pa nyumba pataje kwa jina lake. Nyali ya madalali haina mwisho: inaanza darajani, inapita Kongowea, inameza Bombolulu, siku nyingine nimeikuta Kisauni kabisa. Mteja atafika, atagundua, na hatarudi kwenye tovuti yako wala kwako. Mtwapa nayo iko Kaunti ya Kilifi, na kuna wanaolijali hilo. Umbali uandike kwa dakika na kwa saa ya siku, si kilomita tupu. Nyumba ya Likoni inaweza kuwa karibu sana na mji ukiitazama kwenye ramani, lakini foleni ya feri ya asubuhi haimo kwenye ramani. Eleza kwamba mwenye gari siku hizi anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Hapo umeshamsaidia kuamua.

Sasa picha, ambazo ndizo zilizoniangusha. Picha moja ya simu ya kisasa hufika megabaiti 3 au 4. Weka 20 za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, unamwomba mgeni atumie megabaiti 60 hadi 80 za bando lake kuitazama nyumba ambayo huenda haitaki. Kabla hujampa fundi, zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, zihifadhiwe kwa muundo wa WebP, kila moja isizidi kilobaiti 200. Zote 20 zitakuwa megabaiti 4. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Mwandikie fundi hilo kwenye mapatano, na mwambie mtaipima kwa simu ya bei nafuu iliyozimwa waifai. Akisema kwenye kompyuta yake inafunguka vizuri, mwambie wapangaji wako hawaishi kwenye kompyuta yake.

Picha zipige asubuhi, au baada ya alasiri. Saa sita mchana jua liko utosini na kila chumba hutoka cheusi na dirisha jeupe. Anza na lango na barabara inayofika hapo, kisha sebule, kisha jiko. Choo na bafu usivifiche. Ndivyo wanavyovitafuta, na wasipoviona wanajua kwa nini. Kwa nyumba ya ufuoni kuna ujanja mmoja ninaouchukia: kupiga picha maji yakiwa yamekupwa, mchanga mweupe ukienda mpaka mwambani. Bamvua likija, yaani siku za maji makubwa, maji yanapanda zaidi ya mita 3 kutoka pale, na ule mchanga wote haupo. Weka picha mbili, ya maji kujaa na ya maji kupwa. Nimeona watu wakizirudia hizo mbili tena na tena.

Ikiwa nyumba bado ina mtu, piga hodi na uombe ruhusa. Picha za harusi ukutani, watoto, dawa za bibi mezani, hivyo si vyako kuvionyesha, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 si suala la adabu pekee. Mji wa Kale ongeza uangalifu mara mbili: ukiwa darini unaweza kuona ua wa jirani, na jirani huyo hakukukaribisha.

Bei iandike. "Piga simu upate bei" ni njia ya haraka ya kumfukuza mtu. Tena usiandike kodi peke yake. Nyumba ya kodi 25,000 yenye dipoziti ya mwezi mmoja, ada ya usafi na ulinzi 2,500 na dipoziti ya maji 3,000, siku ya kwanza inataka 55,500, na hiyo ndiyo tarakimu anayoitafuta mpangaji. Kama unatoza ada ya kuonyesha nyumba, itaje pia. (Mimi niliacha kuitoza. Ilinipa pesa ya chai na ikaninyima wateja.)

Kwa nyumba na viwanja vya kuuza, kusanya habari za karatasi kabla ya picha. Hapa kwetu kuna nyumba zinazouzwa bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Si siri na si aibu, ni utaratibu wa zamani wa mji huu, lakini mnunuzi akiligundua kwa wakili badala ya kwako, umekwisha. Andika kama ardhi imo, kama ni miliki ya kudumu au ya kukodi, na miaka mingapi imebaki. Kumbuka kwamba kwa Katiba ya 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Wageni wengi wa ng'ambo hawalijui na watakushukuru. Taja tarehe uliyofanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Hati yenyewe usiiweke mtandaoni hata kipande, matapeli wanaitafuta. Nambari yako ya usajili kwa Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba iweke chini ya kila ukurasa. Kama huna, hilo litangulie tovuti.

Lugha: andika Kiswahili na Kiingereza, kila moja kivyake. Tumia maneno ambayo watu huyaandika wakitafuta, kama bedsita, vyumba viwili, lango lake peke yake. "Makazi ya kifahari yenye mandhari ya kuvutia" hakuna aliyewahi kuyatafuta.

Kinachoua tovuti za nyumba zaidi ya kufunguka polepole ni nyumba zilizokwisha. Mtu anapenda, anapiga, anaambiwa "hiyo imechukuliwa jana, lakini ninayo nyingine." Mara mbili hivyo, hatarudi. Amua mapema nani atazipitia na siku gani. Kwangu ni Jumatatu asubuhi, kabla ya chai. Iliyopata mtu isifutwe. Iandikwe "imechukuliwa" pamoja na tarehe, na chini yake ziwekwe tatu zinazofanana kwa bei na mtaa. Mgeni anaona kwamba ofisi inafanya kazi, na ana pa kwenda bila kurudi mwanzo.

Kitufe cha WhatsApp kiwe na ujumbe ulioandikwa tayari wenye nambari ya nyumba, asilazimike kukueleza ni ile ya rangi gani. Na panga nani atajibu usiku: ikiwa hapa ni saa nne usiku, Toronto bado ni mchana, na mtoto wa watu amejificha kazini akimtafutia mamake nyumba ya Mikindani.

Siku fundi atakaposema amemaliza, usimlipe salio bado. Mpe simu mtu asiyeijua kazi yako, mwambie atafute vyumba viwili Bamburi visivyozidi 30,000, kisha unyamaze. Mimi nilimpa shemeji yangu. Alichuja bei vizuri, akafungua nyumba ya pili, akapanda na kushuka na kidole muda mrefu. Kisha akanirudishia simu. "Nzuri, shemeji. Sasa hapa maji?" Yalikuwa yameandikwa, ila fundi alikuwa ameyaweka chini kabisa, baada ya ramani.