SOMO: Kuotesha waridi la jangwani kwa mbegu bila miche kuoza

Swali la "mche wangu umelainika, nifanyeje?" limezidi humu. Najibu mara moja.

1. Tumia mbegu mpya. Zikikaa miezi mingi uotaji hushuka.
2. Loweka saa 4 hadi 6, maji ya vuguvugu.
3. Changanya mchanga mnene wa mto sehemu 2, kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) 1. Udongo wa mfinyanzi hapana.
4. Laza mbegu, funika kwa milimita 5. Kwenye nyuzi 27 hadi 32 huchomoza ndani ya wiki moja hivi.
5. Maji. Kabla ya kuota, udongo uwe na unyevu muda wote. Majani yakishafunguka, subiri juu pakauke, ndipo umwagilie mpaka maji yatoke chini. Sahani yenye maji chini ya chungu iondoe. Kabla ya kumwagilia, bonyeza shina: likiwa gumu, mche ni mzima; likiwa limenywea kidogo bila kubadilika rangi, una kiu; likiwa laini na la kahawia, limeoza. Angalizo: mizizi iliyooza hainyonyi maji, kwa hiyo majani hulegea vilevile kama ya mche wenye kiu. Ukiyaamini majani peke yake, utaongeza maji na kuumaliza.
6. Ukihamisha na mizizi ikakatika, acha vidonda vikauke kivulini siku 3 hadi 5, panda kwenye udongo mkavu, mwagilia baada ya wiki.
7. Jua, saa 6 kwa siku au zaidi.

Swali: Wangu umelegea, niongeze maji?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Nimesoma. Mimi naweka kidogo kidogo kila siku, si mmea wa jangwani?
Jibu: Jangwani mvua hunyesha kwa wingi, kisha pakakauka. Wewe hupakaushi kamwe.

Swali: Mkuu, kwa nini niliopanda kwa tawi haunenepi chini?
Jibu: Swali zuri. Mche wa mbegu huhifadhi maji kwenye shina la chini na mzizi mkuu, ndiyo maana hutoa tumbo. Tawi huanza na mizizi ya pembeni tu, mara nyingi tumbo halitokei au huchelewa sana. Ila mbegu haihakikishi rangi ya mama. Ukitaka vyote, otesha kwa mbegu kisha bebesha (unganisha juu yake) kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha rangi unayoipenda.

Swali: Maganda yakipasuka mbegu zinapeperuka zote!
Jibu: Zina manyoya ncha zote mbili. Zungushia uzi ganda lingali bichi; likikauka litapasuka bila kufunguka.

Swali: Utomvu una madhara?
Jibu: Ni sumu ya moyo, wawindaji wameupaka kwenye mishale. Vaa glavu, osha kisu, usijifute macho.