Namna tunavyotunza fedha za kamati ya skuli na kutoa zawadi bila fitina

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mshika fedha wa kamati ya skuli kijijini kwetu, upande wa Wete, Pemba. Kazi yangu ya siku zote ni mwani, na hesabu nilijifunza kwenye kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopa. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliochaguliwa juzi juzi, wakakabidhiwa daftari na mkoba wa risiti, wakaambiwa tu "tunakuamini". Kuaminiwa ni heshima kubwa, lakini hakukwambii pa kuandika elfu mbili za kubebea mchanga.

Anza kwa kutenganisha. Ruzuku ya serikali ina maelekezo yake, na daftari lake analo mwalimu mkuu. Fedha za kamati ni zile tunazozipata wenyewe: nazi za kiwanja cha skuli, karafuu za ile mikarafuu yetu tisa, michango ya hiari ya wazee wa wanafunzi, na wanachotuma watu wa kijiji walioko Unguja na Maskat. Hizi mbili zisilale mfuko mmoja hata usiku mmoja. Naijua kamati iliyozichanganya kwa nia njema kabisa. Ruzuku ilichelewa, wakanunua chaki kwa fedha za kamati, ruzuku ilipofika wakajilipa kwa kukisia. Mwisho wa mwaka hakuna aliyeweza kueleza kilichopungua, na mshika fedha wao, mtu mwaminifu ninayemjua tangu utotoni, akaacha kuja vikaoni kwa aibu ya kosa ambalo si lake.

Neno hiari nalo lichukuliwe kwa uzito wake. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na mimi ni katika waliosoma kwa sababu hiyo; kwetu walikuwepo watoto saba na baba mvuvi. Wakati wa Rais Shein serikali ikaondoa na ile michango ya skuli za msingi. Kwa hiyo mzee asiyetoa asitajwe, asiandikwe kwenye orodha ya "bado", na mtoto wake asirudishwe nyumbani. Daftari letu lina ukurasa wa waliotoa tu.

Fedha kubwa tunaziweka benki, kwa saini tatu: mwenyekiti, mwalimu mkuu na mimi, na hazitoki mpaka wawili wasaini. Fedha ndogo zinakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, kama lile la hisa. Funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Mwanzoni wenzangu waliona ni usumbufu, lakini kikundi chetu cha kina mama kimepita misimu mingi kwa sanduku la namna hiyo na hakijapoteza hata mia. Ndani mna vifuko viwili vya kitambaa: cheupe cha matumizi ya kawaida, chekundu cha zawadi. Nitakirudia hicho chekundu.

Sasa risiti. Dukani utapewa, omba tu kabla hujalipa. Shida inakuja kwa watu wasio na kitabu cha risiti, na kazi nyingi za skuli hufanywa na hao. Tulipotengeneza choo cha wanawake, mchanga uliletwa na gari ya ng'ombe. Mwenye gari ni mtu mzima, hajui kuandika. Nilichukua karatasi nikaandika tarehe, safari nne, elfu mbili kila safari, jumla 8,000, kutoka bondeni mpaka skuli. Nikamsomea polepole, nikamhesabia fedha mkononi, kisha nikamsogezea pedi ya muhuri. Alijifuta kwanza mchanga kwenye kikoi, akakandamiza dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi na kulishikilia hapo mpaka nikamwambia basi. Pembeni akasaini mwalimu aliyeshuhudia. Karatasi ile ni risiti kamili, na sijawahi kukutana na mkaguzi aliyeikataa. Usisubiri jioni. Ukilipa bila karatasi ukasema utaandika baadaye, hiyo fedha ushaipoteza kwenye hesabu hata kama imefanya kazi nzuri.

Daftari lenyewe liwe la kaunta, lenye kurasa zilizoshonwa, na kila ukurasa uupe namba siku ya kwanza kabisa, ili ionekane ukichanwa. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke, andika sahihi juu yake, weka saini yako ndogo. Wino mweupe wa kufutia usiuingize nyumbani kwako.

Kila mwisho wa mwezi tunafungua sanduku pamoja, tunahesabu, tunalinganisha na daftari. Mara moja tulikuta tofauti ya 4,500 na tukakaa mpaka baada ya isha. Aliyetuokoa ni mwalimu wa hesabu, aliyenifundisha jambo ambalo ningependa kila mshika fedha alijue: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi. Na kweli, vipande vya bomba vya 6,100 nilikuwa nimeviandika 1,600. Ikiwa haigawanyiki kwa tisa, igawe nusu. Ukiiona hiyo nusu mahali kwenye daftari, huenda kilichoingia umekiandika upande wa kilichotoka.

Tunafunga hesabu ya mwaka tarehe 31 Disemba. Najua mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na daftari la ruzuku linafuata huo. La kamati tumeliacha lifuate mwaka wa masomo kwa sababu wazee wanahesabu kwa darasa la mtoto: "mwaka ule alipokuwa la tatu". Hivi ndivyo tulivyoisoma mara ya mwisho:

Zilizoingia
Karafuu za mikarafuu ya skuli: 310,000
Nazi: 84,000
Michango ya hiari: 226,500
Waliotuma kutoka Unguja na Maskat: 180,000
Jumla: 800,500

Zilizotoka
Mabati, misumari na mchanga, choo cha wanawake: 268,000
Mfereji (bomba la maji), pamoja na fundi: 95,500
Chaki, karatasi na kuchapisha mitihani ya majaribio: 147,000
Fungu la zawadi, limetengwa: 120,000
Jumla: 630,500

Zilizobaki: 170,000

Nimeandika zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Mapato, matumizi na bakaa ni maneno mazuri ya ofisini, lakini bibi anayemlea mjukuu wake ana haki ya kuielewa hesabu hii bila kumuuliza mtu wa pembeni.

Siku ya kikao ichaguliwe kwa akili. Huku kwetu kina mama wengi wako kwenye mwani, na mwani unafanyiwa kazi maji yakitoka sana. Usiitishe kikao siku za bamvua, utakutana na viti. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu; maji mafu yako katikati, karibu na tarehe 8 na 23 za mwezi wa Kiislamu. Msimu wa karafuu nao watu wako mashambani alfajiri mpaka jioni. Sisi tunatafuta Jumamosi ya maji mafu mwezi wa Februari, saa mbili na nusu asubuhi, ila mwezi wa Ramadhani ukiangukia hapo tunasogeza. Sheha, kiongozi wa serikali wa hapa kwetu, anapewa taarifa wiki mbili kabla, na msikitini inatangazwa Ijumaa mbili.

Soma hesabu mwanzo wa kikao, kabla ya hotuba yoyote na kabla ya zawadi. Mstari mmoja, kisha nyamaza. Wape watu nafasi. Mwaka huo nilipofika kwenye mfereji, mzee mmoja alinyoosha fimbo yake. "Mwanangu, fundi mmoja mnamlipaje mara mbili?" Nikamjibu, "Ndiyo mzee wangu, risiti zake hizi hapa mbili," nikampelekea alipokaa. Mjukuu wake akamsomea. Malipo ya pili yalikuwa ya kubadilisha bomba lililopasuka baada ya wiki tatu. Mzee akasema bomba la mwanzo lilikuwa jembamba, yeye aliliona likishushwa. Kikao kikakubaliana kuwa siku nyingine vifaa vitakaguliwa na mtu anayevijua kabla hatujalipa, na tukamwomba awe yeye. Kama nisingenyamaza pale, neno lile lingesemwa kibarazani jioni, na mimi nisingekuwepo kulijibu.

Sasa kile kifuko chekundu. Tumejiwekea kwamba zawadi zisizidi asilimia 15 ya zilizoingia mwaka huo. Kwa 800,500 ukomo ni 120,075, nasi tukatenga 120,000. Zikishaingia kwenye kifuko chekundu hazikopeshwi hata kwa siku moja, hata paa likivuja. Nasema hivyo kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza tuliwaahidi watoto zawadi, fedha zikaenda kwenye jambo jingine la maana, na siku ya siku tukawapa makofi. Mtoto wa darasa la nne aliyeitwa jina lake mbele ya watu, akarudi kukaa mikono mitupu, bado namkumbuka alivyokuwa anaitazama meza.

Fungu tunaligawa hivi. Watoto tisa, kila mmoja madaftari na kalamu za 6,000, jumla 54,000. Watu wazima watatu, zawadi za 18,000, jumla 54,000. Fremu tatu za vyeti vya watu wazima 9,000, na kuchapisha vyeti kumi na viwili kwa 250 ni 3,000. Bei ya zawadi za watoto ni sawa kwa wote, wa kwanza wa darasa na mwengine yeyote, maana mama wakitoka pale wanalinganisha mifuko.

Vigezo vinatangazwa Februari ya mwaka unaoanza, vinabandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, na havibadilishwi katikati. Katika watoto tisa, watatu tu ndio wa alama za juu. Hao watapongezwa hata tusipowapongeza. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka mtaa mzima unajua. Watatu ni wa kupanda: tunachukua wastani wa mtoto wa muhula wa kwanza na wa mwisho, tunamlinganisha na nafsi yake. Aliyetoka 23 akafika 41 amepanda 18, na mbele ya kigezo hiki amemshinda aliyetoka 78 akafika 80. Ila pale mbele taja alama alizopanda tu, usitaje alikoanzia.

Watatu wa mwisho ni wa mahudhurio, na hapa nendeni taratibu. Msimu wa karafuu ndio unaowatoa watoto skuli, na tulitaka kuwatukuza waliokuja kila siku. Lakini wapo watoto wanaokwenda kuchuma kwa sababu nyumbani hapana kitu, na ukiangalia rejista peke yake utamtuza mtoto ambaye baba yake ana duka. Tunawaomba walimu wa madarasa watuletee jina na maelezo ya mistari miwili. Msichana mmoja aliletwa na maelezo kwamba alikosa siku kumi na moja na kila alipokosa alikwenda jioni kwa mwenzake kunakili. Alipewa, na rejista ilikuwepo mezani kwa mwenye kutaka kuiona.

Kwa watu wazima, mmoja awe mwalimu, akiwemo mwalimu wa kujitolea ambaye hana mshahara, na wawili wawe nje ya darasa. Kwetu walikuwa mhudumu wa usafi, anayejaza maji madumu ya vyooni kabla watoto hawajafika, na mlinzi. Walimu wenyewe wanapiga kura ya siri kumpata mwalimu. Mwalimu mkuu hapigiwi, kwa kuwa anakaa kwenye kamati. Na sisi wajumbe, kijiji ni kimoja, sote ni ndugu. Anayehusiana na mtoto aliyeletwa anasema "huyu mpwa wangu", inaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, anatoka nje mpaka jina liamuliwe. Zawadi iwe kitu, isiwe bahasha: doti ya kanga na sabuni, tochi ya kuchaji, mkoba wa vitabu. Bahasha watu huifungua kwa macho wakakisia kilichomo.

Majina yasomwe na walimu watatu kabla ya kuchapwa, yakilinganishwa na rejista. Mwaka mmoja tuliandika Hamis, mtoto ni Khamis, na ni jina la babu yake aliyefariki mwezi ule ule. Alikirudisha cheti kwa adabu, akakiweka mezani kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, hiki si changu." Kuchapisha kingine kulichukua siku tatu, na zile siku tatu nilipita nyumbani kwao kwa njia ya nyuma.

Kila aliyepokea anasaini kwenye orodha kabla ya kukaa. Jumatatu inayofuata hesabu na orodha vinabandikwa ukutani. Nakala moja kwa sheha, moja kwa mwalimu mkuu, moja sandukuni. Kisha fungua ukurasa mpya, uandike mstari wa kwanza: zilizobaki mwaka jana, 170,000.