Somo: Kubadili shokapu za mbele kwenye gari ndogo

Gari inayopanda vilima vya Bugando na Isamilo hapa Mwanza kila siku, halafu ikateremkia barabara za mawe, humaliza shokapu mapema. Hata hivyo hakikisha ndizo mbovu kabla hujanunua. Unyevu kidogo ulioshika vumbi si hoja. Oili inayochuruzika ndiyo dalili. Papasa tairi pia. Likiwa na mabonde-mabonde, limekuwa likidundadunda. Mlio wa kugonga peke yake hautoshi, mara nyingi ni linki ya stabilaiza (kifimbo kinachounganisha shokapu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona).

Nunua jozi, na uende dukani na namba ya chesisi, maana za mbele huwa na kushoto na kulia. Ongeza mauntingi 2 (vishikizo vya juu vinavyofunga shokapu kwenye bodi), mipira ya kuzuia kugota na vifuniko vya vumbi. Ukirudisha mauntingi iliyokwisha, utafungua tena kazi ileile.

Tafuta sakafu bapa. Zuia tairi za nyuma, legeza nati za mbele, piga jeki kisha weka stendi. Mwanza mawe hayakosekani, lakini jiwe ni la kuzuia tairi lisibingirike, si la kulaza gari juu yake.

Toa tairi. Fungua mpira wa breki, waya wa ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) na linki kwenye shokapu. Chini kuna bolti 2 kubwa: kabla ya kuzigusa, chora alama ya rangi zilipokaa, kwa sababu matundu yana nafasi na mlalo wa tairi hubadilika. Ukizitoa, chuma cha habu (kinachobeba tairi) kitaangukia nje. Kifunge kwa waya, kisivute mpira wa breki wala kuchomoa shafti inayozungusha tairi. Halafu fungua nati za juu, huku mwenzako ameishika shokapu kwa chini. Baadhi ya gari hudai utoe waipa na plastiki yake kwanza.

Nati ya katikati, ile ya kwenye ncha ya fimbo ya shokapu, USIIGUSE bado. Springi imebanwa kwa nguvu, ikifyatuka inavunja taya. Weka vibana springi 2 vikitazamana, kaza kidogokidogo kwa zamu mpaka springi icheze kwenye vikalio vyake, ndipo ufungue.

Shokapu mpya ya oili isimamishe wima, ivute na kuisukuma mara 4 au 5 kutoa hewa. Wakati wa kukaza nati ya katikati, zuia fimbo kwa ufunguo wa pembe sita. Ukiishika kwa praisi unaikwaruza, na mkwaruzo huo utakata sili. Oili itaanza kuvuja mapema. Ncha ya springi ikae kwenye kituo chake.

Rudisha kwa kufuata alama. Nati za tairi za Vitz na IST ni Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha peleka gari alaimenti, yaani kunyooshwa tairi.

MASWALI

Mwanachama wa Igoma: Fundi, nimeweka mpya na bado inagonga.
Jibu: Kaka, mtu azungushe usukani gari ikiwa imesimama, wewe shika springi kwa kiganja. Ikiruka kwa mshtuko, haikukaa vizuri au bearingi ya mauntingi imekufa. Ikizunguka vizuri, kagua linki na nati ya katikati.

Mwanachama wa Buhongwa: Naambiwa za zamani zitobolewe zijazwe oili. Ni nafuu?
Jibu: Leo tu, ndugu. Sili iliyovujisha bado ni ileile, na fimbo imeshalika. Kwa zenye gesi, gesi yote hutoka.

Mwanachama wa Kirumba: Za nyuma nazo zinahitaji kibana springi?
Jibu: Kwa Vitz hapana, dada; springi imekaa peke yake. Shikilia eksili kwa jeki, kisha fungua juu na chini. Bolti ya chini iweke bila kuikaza, shusha gari, ndipo ukaze. Ukikaza tairi likining'inia, bushi (mpira wa kwenye tundu la bolti) itabaki imejipinda kila gari ikisimama chini, na itachanika mapema.