Kabla ya kwenda kutafuta ndege waimbaji wa Flint Hills, Kansas, Marekani

Anza na kalenda. Katika nyanda hizi za nyasi ndefu, ndege wa Juni wengi wao sio wa Januari, na ukikosea mwezi hata darubini nzuri haikusaidii. Spiza americana, ndege ambaye dume lake lina kifua cha manjano na doa jeusi kooni, huingia kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei akitokea Amerika Kusini, hasa Venezuela. Ammodramus savannarum, ndege mdogo mfano wa shomoro, humtangulia, katikati ya Aprili. Zonotrichia querula, naye mfano wa shomoro, huja msimu wa baridi tu. Huzaliana Kanada pekee, na huku umtafute kuanzia Novemba kwenye vichaka vya kando ya vijito. Ukizunguka kwenye nyasi wazi utamkosa, nawe utadhani hayupo.

Anayepotosha orodha nyingi ni Cistothorus stellaris, ndege mdogo wa kahawia. Mei hupita wachache wakielekea kaskazini. Kisha Julai na Agosti, ndege wengi wakiwa wameanza kunyamaza, wengine hutokea na kujenga viota. Ukifunga hesabu ya ndege mwisho wa Juni utamwandika kuwa mpita njia, kumbe anazaliana papo hapo. Tenga siku ya kurudi mwanzoni mwa Agosti.

Pili, uliza mapema eneo limechomwa moto lini. Wafugaji huchoma Machi na Aprili ili ng'ombe wapate majani mapya. Centronyx henslowii, mwingine mfano wa shomoro, hukaa penye nyasi ambazo hazijaungua kwa angalau mwaka mmoja, maana kiota chake hutegemea tabaka la majani makavu yaliyolala chini. Palipoungua Aprili hii, usipoteze asubuhi kumtafuta. Ammodramus savannarum yeye hupenda palipolishwa, nyasi fupi, udongo ukionekana kati ya mashina. Mashamba mawili yanayotenganishwa na waya tu yanaweza kukupa orodha mbili tofauti kabisa, kwa hiyo hali ya moto na malisho iandikwe kila kituo cha kuhesabia.

Zoeza masikio nyumbani kwa rekodi. Wimbo wa Ammodramus savannarum ni mnong'ono mwembamba kama wa mdudu, wa sauti ya juu sana (karibu kilohezi 8), na wenye umri mkubwa wengi hawausikii kabisa. Nenda na kijana, au kinasa sauti. Sturnella magna na Sturnella neglecta, ndege wawili wa nyasi wenye kifua cha manjano, hufanana mno kwa rangi, hutofautishwa kwa sauti. Ukikutana nao wakati wa baridi wamenyamaza, andika Sturnella tu (jina la jenasi yao), usikisie.

Juni fika kabla ya saa 12 asubuhi, umalize saa 4. Upepo ukizidi kilomita 20 kwa saa, ahirisha: utahesabu ndege wa karibu tu.

Ardhi kubwa ya huku ni ya watu binafsi, hivyo omba ruhusa au tumia njia za wageni za Konza, eneo la utafiti wa nyasi karibu na mji wa Manhattan wa hapa Kansas, au hifadhi ya taifa iliyo karibu na Strong City. Kwenye hifadhi hiyo wamo baisani, wanyama pori wakubwa wa jamii ya ng'ombe. Kaa mbali nao angalau meta 100. Vaa suruali ndefu ya rangi nyeupe-nyeupe, uichomeke ndani ya soksi, kwa sababu ya kupe na utitiri. Usitoke njiani ovyo Mei hadi Julai, kwani viota vingi viko chini au karibu na ardhi.

Katika daftari weka safu ya ushahidi: anaimba, amebeba chakula, au anapita tu. Dume linaloimba mara moja mwanzoni mwa Mei huenda likawa safarini. Mzazi mwenye panzi mdomoni ana makinda karibu.